Kishingo na Mwanamke Asiyelala

Msimcheke huyo kuku. Njooni mkae hapa karibu na mlango, ila taratibu, mtoto ndiyo kwanza amelala na sitaki aamke. Ngoja nimguse kidogo. Haya, anapumua. Mnauliza kwa nini kishingo hana manyoya shingoni. Mimi niliambiwa hivi, na nitawaambia vilevile.

Zamani kuku wote wa milima hii walikuwa na shingo zilizojaa manyoya, mengine mekundu, mengine ya rangi ya asali, na watu waliwapenda kwa hayo manyoya tu. Wanawake wakubwa walipochagua kuku wa mbegu walimkamata kuku, wakampuliza shingoni, manyoya yakafunguka kama ua, wakasema huyu abaki. Asiyekuwa nayo alikwenda chunguni. Na kuku akinyonyoka shingo ilihesabiwa kuwa ni ugonjwa, achinjwe, mayai yake yatupwe mbali, asije akamaliza banda zima.

Basi alikuwepo mwanamke mmoja kijana, Subilaga, amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mavyaa, yaani mama wa mumewe, alimpa kuku mmoja wa mbegu, kama ilivyokuwa desturi, akamwambia, "Mlaze juu ya mayai, akitotoa tutajua mkono wako unalea." Maana walikuwa na msemo wao, mkono usiolea kuku haulei mtoto. Kuku akimfia mzazi, mtoto wake alichukuliwa akalelewa na wifi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na Subilaga alilijua hilo tangu siku alipoolewa.

Na ulikuwa msimu wa baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mvua ile nyembamba isiyoisha, kuni mbichi, moshi mtupu. Mtoto akaanza kukohoa. Subilaga alimfunika kwa nguo yake moja, kisha kwa nyingine, kisha kwa ile aliyokuwa ameivaa mabegani, akakaa mabega wazi, anamsikiliza, akinyamaza anamtikisa aone kama yu hai, akilia anashukuru. Kulala hakulala. Kuku naye alikuwa pale pale jikoni kwenye kona, anaatamia, haondoki hata kula.

Siku moja akamtazama yule kuku akaona shingo ina upara. Kesho yake upara umezidi. Subilaga akajua ndiyo ule ugonjwa, akajua na kinachofuata. Hakumwambia mtu. Alichana kipande cha gome la mti kilicholainishwa, akamfunga kuku shingoni, akawa anasema anamkinga na baridi.

Wifi yake, Ndimbumi, alikuja kuomba moto, akaona.

"He! Wifi, kuku wako amefiwa na jogoo? Mbona amejifunga kama mjane?"

"Ana baridi tu, wifi."

"Kuku ana baridi! Basi na mbuzi mfunge kilemba." Akacheka, lakini alipoinama akavuta lile gome, kicheko kikakatika. Akatoka mbio bila huo moto.

Mavyaa alikuja asubuhi, ameshika kisu. Hakugombana, wala hakusalimia. Yeye naye alikuwa amechoka, maana baridi ile ilikuwa imeua mayai nyumba zote, kuku wazuri wenye manyoya yao yote wamelalia mayai yaliyopoa kama mawe ya mtoni. Subilaga alisimama mbele ya kiota, mtoto kifuani.

"Sogea, Subilaga."

"Mama, hajafa bado. Anaatamia."

"Sogea."

Mavyaa akamshika kuku miguu, akamwinua. Na chini yake wakaona manyoya. Yale yote ya shingoni, mekundu, amejinyonyoa mwenyewe moja moja, ameyatandika kiotani na kuyazungushia mayai. Mavyaa akaingiza mkono. Kulikuwa na joto. Yai moja lilikuwa limepasuka na kidomo kinachungulia.

Akamrudisha kuku polepole, akaweka kisu chini. Kisha akamtazama Subilaga, yale mabega wazi, na mtoto aliyefungwa nguo tatu.

"Na wewe umelala lini?"

"Sijui, mama."

Mavyaa akanyoosha mikono. Subilaga akarudi nyuma mpaka ukutani, akaanza kulia, "Mama, usimchukue, nakuomba, kuku si mzima? Mkono wangu si umelea?"

"Namchukua mpaka jua lipande," mavyaa akasema. "Nitakaa naye hapa hapa mlangoni, utamwona. Lala."

Subilaga akalala pale pale chini kama mtu aliyeangushwa, na alipoamka jua lilikuwa juu ya migomba, mtoto anakohoa kidogo mikononi mwa bibi yake, na vifaranga wote wametoka. Wale vifaranga walipokua, manyoya yaliota mwili mzima isipokuwa shingoni. Hakuna aliyewachinja.

Na tangu siku hiyo kishingo huzaliwa shingo wazi, na kila nyumba ya huku humweka mmoja wa mbegu, hata kama hapendezi, maana mayai ya kuku wengine huwekwa chini yake msimu wa baridi. Na mwanamke akijifungua, mavyaa wake humletea kishingo. Hamwambii hongera, wala haulizi mkono unalea au haulei. Humwambia neno moja tu.

Huyu mnayemcheka nililetewa leo asubuhi. Nilidhani mama mkwe ameshaondoka, nikakaa nawahadithia ninyi ili nisisinzie, nikisinzia naogopa. Lakini kumbe huyo hapo, ametoka kuosha mikono, ameinyoosha apokee mtoto.

Haya, nendeni mkacheze upande wa pili. Mchukue, mama. Nalala.