Minde Ana Nyayo, Ukungu Hauna

Minde ana nyayo, ukungu hauna. Jana mlinisikia nikisema hivyo, mkauliza maneno haya yametoka wapi. Asili yake ni huku huku kwetu Uluguru, katika shamba la mtama la Bi Sikuzani.

Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na mume huhamia kwa mkewe. Mkude alikuwa ndiyo kwanza amemwoa Tatu, binti wa Bi Sikuzani, akakabidhiwa shamba alilinde. Mbegu ya mwaka ujao ingetoka humo humo.

Asubuhi moja alikuta masuke kadhaa yamepungua punje, na pembeni nyayo za minde, yule paa mweusi wa msituni mwenye shungi jekundu kichwani. Hata siku zile alikuwa adimu. Tatu akabinya suke moja, vidole vikatoka vyeusi tii.

“Huu ni ukungu, ugonjwa wa mtama. Tuyakate yenye masizi tuyachome, kabla hayajapasuka.”

“Ukungu una meno?” Mkude akacheka. “Nyayo za mwizi hizi hapa. Nionyeshe na wewe za ukungu wako.”

Akawakusanya mashemeji na nyavu zao. Tatu naye akachukuliwa, akapige makelele ya kumkimbiza mnyama kuelekea wavuni. Siku tano shamba halikuwa na mtu.

Siku ya sita minde akanaswa. Walipompasua, tumboni mlikuwa na majani na matunda ya msituni. Punje ya mtama, hapakuwa na hata moja.

Kurudi, masuke yamekwisha kupasuka na upepo umesambaza unga mweusi shamba zima, halikubaki suke la kufaa mbegu. Bi Sikuzani alikuwa amesimama katikati, kanga imechafuka hadi magotini. Mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso, kwa hiyo alimgeukia binti yake, Mkude akiwa pale pale anasikia.

“Mwambie mumeo nyama nimeiona. Muulize, mwakani tutapanda nyama?”

“Mama, nyayo zilikuwepo,” Tatu akamtetea.

“Zilikuwepo. Mwenye miguu akipita ataacha nini? Mwambie minde ana nyayo, ukungu hauna.”

Kesho yake Mkude alichukua kapu tupu, akarudi kwao kumwomba mama yake mbegu, jambo ambalo mwanamume aliyeoa huona haya kulifanya.

Shamba likapandwa tena. Ila minde hakuonekana tena upande ule wa mlima. Mimi nimezeeka sijaziona nyayo zake, na ukungu tunao kila msimu. Ndivyo ilivyo, wajukuu zangu: minde ana nyayo, ukungu hauna.