Nungunungu, Mlinzi wa Lambo, na Ukumbi wa Mama Mkwe

Hadithi imefika mlangoni!
— Ifungulieni!
Mkononi imeshika nini?
— Uongo!
Na mgongoni imeficha nini?
— Ukweli!
Basi ipisheni iketi. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa wanakwenda siku mbili kufuata maji, na wakirudi wana kiu ya siku mbili. Mzee Ndovu akasema, "Jamani, masika inapita hapa mlangoni kwetu, inakwenda zake, na sisi tunaipungia mkono. Tuizuie."

Wakachimba lambo. Wakapiga tuta la udongo kukata bonde, wakalishindilia kwa miguu. Nyati wakaimba, pundamilia wakaimba, hata Kobe akaimba, ingawa alifika kazi imekwisha. Pembeni wakaacha njia ya mawe, ili maji yakizidi yapite huko, yasipande juu ya tuta.

Akatafutwa mlinzi, akachaguliwa Nungunungu. Kwa nini? Kwa sababu lambo lilikuwa na ubao wa masharti, na katika nchi nzima Nungunungu peke yake ndiye aliyejua kusoma. Alijifunza ukubwani, miiba imeshaota mvi, akiwa darasa moja na vifaranga wa kware waliomcheka mpaka wakaanguka kwenye viti, herufi zikawapita. Hakujali. Akasoma a, akasoma e, akasoma i, mpaka siku moja ubao ukamsemesha.

Kila asubuhi anasimama mbele ya ubao. Anakohoa. Anaweka kidole.

"Moja. Ni marufuku kukanyaga tuta kwa kwato. Nukta! Mbili. Ni marufuku kuotesha miti juu ya tuta. Nukta! Tatu. Ni marufuku kuchimba tuta. Nukta!"

Ndiyo, hata nukta alikuwa anaisoma. Aliihangaikia, kwa nini aiache?

Swala akikatiza juu ya tuta: "Wewe! Namba moja!" Ngedere akidondosha mbegu ya ukwaju: "Wewe! Namba mbili!" Namba tatu haikuwahi kupata mtu.

Sasa Nungunungu alikuwa na mke, Nyamizi, na wote wawili walilala ndani ya gogo. Nyamizi naye alikuwa na mama yake, mfinyanzi wa vyungu, anayekaa bondeni, chini kidogo ya tuta. Na adabu ya ukwe mnaijua. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawasemeshani mdomo kwa mdomo. Wakikutana wanapeana migongo, na maneno wanayapitisha kwenye kinu.

"Ewe kinu," alisema Mama Nyamizi siku moja, "mwambie mkwe wangu mwanangu analala kwenye gogo kama mchwa. Kusoma anasoma. Nyumba je?"

Miiba ikamlala Nungunungu kwa aibu. "Ewe kinu, mwambie mama nyumba inakuja."

Akazunguka kutafuta pa kuchimba. Huku mwamba. Kule mwamba. Kwingine mwamba na mjusi juu yake. Palipokuwa laini ni mahali pamoja tu: kwenye tuta. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akajiambia, "Ubao umekataza kuchimba. Mimi sichimbi. Mimi najenga."

Akachimba chumba. Nyamizi akasema, "Mume wangu, na jiko?" Akachimba jiko. Nyamizi akasema, "Na mama akija kututembelea, atakaa wapi?" Akachimba ukumbi wa mgeni, mpana, unaingia ndani kabisa ya tuta. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ubaridi mzuri. Nungunungu akausifu sana ubaridi ule. Hakujiuliza unatoka wapi.

Masika ikaanza. Lambo likapanda.

Siku ya kwanza, kwa Mama Nyamizi, karibu na mafiga, pakachipuka maji. Safi, mtu anajiona uso. Mama akafurahi. "Ewe kinu, mwambie mkwe wangu ahsante, amenitolea kisima."

"Ewe kinu," akasema Nungunungu, amevimba kifua, "mwambie mama si kitu, ni wajibu wangu."

Siku ya pili maji yakatoka na weupe, kama maji ya kuoshea mchele. Mama Nyamizi akachovya kidole, akaramba, akatema. "Ewe kinu, mwambie mkwe wangu mimi ni mfinyanzi. Maji safi yanapita njia tu. Maji yenye udongo yanakula nyumba ya mtu. Akakague tuta!"

"Ewe kinu, mwambie mama nimekagua lote. Hakuna tundu."

Na kweli alikagua lote, kasoro kwake.

Siku ya tatu maji yakatoka mekundu, mazito, kama uji wa ulezi. Wakati huo Nungunungu yuko kwenye ubao, kidole kimefika namba tatu, mara Nyamizi huyoo anakuja mbio.

"Mume wangu! Ukumbi umepata mgeni!"

"Mama kaja?"

"Maji!"

Nungunungu akaingia ndani. Ukuta wa nyuma unatoa maji, unene wa kidole. Akaziba kwa mkeka, mkeka ukamezwa. Akaziba kwa gunia, gunia likamezwa. Akageuka akaziba kwa makalio yake mwenyewe. Hayakutosha, yalikuwa makalio ya msomi. Maji sasa unene wa mkono.

Akatoka nje, akasimama. Kule bondeni moshi wa mama mkwe wake unapanda, vyungu vyake vimepangwa. Tuta likikatika, nyumba ya kwanza ni ile. Na kwenye ubao limetundikwa baragumu. Akipiga, nchi nzima itakuja, na nchi nzima itauliza: nani kachimba? Ulinzi utamtoka. Ubao utamtoka. Vifaranga wa kware watacheka mpaka wazeeke.

Akalitazama baragumu. Akautazama moshi.

"Puuuu! Tuta linavuja! Tokeni bondeni! Tundu ni langu! Namba tatu ni mimi!"

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Nyamizi mwenyewe. Alikuwa ameshaanza kupanda, tope mpaka tumboni. Walipoonana tu, hao, wakapeana migongo. Kila mmoja anatafuta kinu.

"Kinu kimechukuliwa na maji," Mama Nyamizi akaiambia hewa. Kisha akapumua. "Basi leo nakwambia wewe mwenyewe. Huo ukumbi Nyamizi anaosema ni wangu uko wapi?"

"Huko mwisho kabisa, mama."

"Usigeuke!"

Naye akaingia kinyumenyume, kwa adabu, ili asikutane na uso wa mkwe. Akapita chumbani kinyumenyume, akapita jikoni kinyumenyume, akafika ukumbini. Huyu hakuwa msomi. Huyu alikalia vigoda viwili kwa mpigo. Akajisukuma kwenye lile tundu, akasimamisha miiba yote, ikashika ukuta kushoto na kulia. Maji yakasema chwiii. Yakanyamaza.

"Hodi," ikasikika sauti kutoka ndani. "Nimeshakaribia. Mbona ukumbi wenu una baridi hivi?"

Mzee Ndovu akaja anahema. Hakuuliza nani. "Kesi baadaye," alisema. "Kwanza lambo lishuke." Akaenda kwenye ile njia ya pembeni, akang'oa mawe ya juu kwa pembe zake, taratibu, moja moja, maji yapungue bila kuleta balaa lingine. Yakapungua siku ya kwanza, yakapungua siku ya pili, yakapungua siku ya tatu. Na siku zote tatu Mama Nyamizi yuko pale pale, amekuwa kizibo.

Sasa kizibo nacho kinakula. Mke yuko bondeni anaokoa vyungu; nani atampelekea mama uji? Nungunungu. Na uso haruhusiwi kumtazama. Akaingia kinyumenyume na kata ya uji, mkono ameupeleka nyuma.

"Mkwe, hilo ni sikio."

"Nisamehe, mama."

"Mkwe, hilo ni jicho."

"Nisamehe, mama."

"Hapo sasa. Umetia chumvi kidogo."

Maji yaliposhuka chini ya ukumbi, Ndovu akaingiza mkonga, akamvuta. Po! Mama Nyamizi akatoka, akajikung'uta, akashika kiuno. Wengine wakataka kutupia udongo mlangoni, biashara iishe.

"Koma!" akasema. "Chungu chenye ufa hakipakwi juu juu. Fukueni nyumba yote mpaka udongo mzima. Leteni udongo wangu wa mfinyanzi. Tabaka moja, shindilieni. Tabaka la pili, shindilieni. Tabaka la tatu..."

"Tushindilie," wakaitikia nyati.

Ndipo ikaja kesi. Ndovu akauliza, "Mlinzi, namba tatu inasemaje?"

"Ni marufuku kuchimba tuta." Na kwa sauti ndogo, "Nukta."

"Kwa hiyo ulikuwa hujui kusoma?"

"Kusoma nilijua, mzee. Ila nilikuwa nawasomea ninyi."

Kifaranga mmoja wa kware akaanguka. Wa pili akaanguka. Ndovu mwenyewe akageukia pembeni, masikio yanatikisika.

"Sina msomaji mwingine," alisema. "Utabaki. Lakini kila asubuhi ukishatusomea sisi, utarudia ubao mara ya pili, peke yako, ukijisomea wewe. Halafu ukague tuta. Na ukaguzi utauanzia chini kabisa, kwa mama mkwe wako, utazame rangi ya maji yanayotoka."

"Kila asubuhi, mzee? Kwa mama mkwe?"

"Kila asubuhi."

Nungunungu akachimba nyumba nyingine kilimani, mwambani, miezi mitatu, makucha yakaisha. Chumba, jiko, na ukumbi. Kikanunuliwa kinu kipya. Mama Nyamizi akaja, akazunguka, akampa mkwe wake mgongo.

"Ewe kinu, mwambie mkwe wangu nyumba ni nzuri." Akakaa, akajisogeza huku na huku. "Lakini ule ukumbi wa kwanza ulinienea zaidi."

Ndiyo maana mpaka leo miiba ya nungunungu ina madoa meusi na meupe. Peusi ni udongo uliogandia siku zile tatu ukakauka ukawa mweusi, peupe ni pale maji yalipopaosha. Na ndiyo maana akikutana na shida, anaiendea kinyumenyume.

Nyie mnaosikiliza, shikeni hili: maji hayana mkwe, wala hayaoni haya. Tundu la mlinzi ni tundu. Ukiona maji yamebadilika rangi, usisubiri kinu, sema.

Hadithi imeinuka, inatoka kwa mlango ule ule. Uongo wake irudishieni, ukweli mbaki nao. Anayebisha akamtazame nungunungu nyuma, ila asisogee sana.