Tone Lililobaki Mkebeni

Wahenga waliposema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, walijua kwamba kitu unachokidharau wewe ndicho riziki ya mwenzako. Milcah, mjane wa kijiji cha Bukura, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa mume, shamba na akiba.

"Haya yametiwa maji," alisema Weldon, mpokeaji wa maziwa ya ushirika, akiitazama laktomita, kijiti cha kupima uzito wa maziwa, ikizama kupita kiasi. Alikuwa ameyachanganya maziwa ya Milcah ya jana jioni na ya asubuhi katika ndoo moja, na hakungoja neno. Akayamwaga yote. "Ni mikebe miwili tu, mama, hujafiwa. Lakini jina lako nalifuta daftarini."

"Kufiwa nilishafiwa," Milcah alijibu. "Mungu ananiona, sikutia maji." Jina likifutwa atamuuzia nani? Na Jumapili atainuaje uso mbele ya akina mama wa kanisa?

Lynette, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kujaribu kipimo chake pale, aliinamia mikebe mitupu. "Kuna tone limebaki katika kila mmoja."

Weldon akacheka. "Laktomita inataka kikombe kizima. Tone mpe paka."

"Mimi linanitosha, kaka."

Kipimo chake kilikuwa kibao chenye mfereji mwembamba kama unywele. Alidondosha tone la kila mkebe kwa zamu, na mawimbi kama yale ya maikrowevu ya jikoni, ila hafifu sana, yakapita ndani yake. Maji huyapokea mawimbi hayo kwa namna yake na maziwa kwa namna yake, na kompyuta iliyounganishwa na kibao husoma tofauti. Mkebe wa asubuhi ulikuwa safi. Wa jioni ulikuwa na maji.

Milcah aliuvuta mkebe wa jioni, akachungulia ndani.

"Mama, huu wa jioni ulilala wapi?" Lynette aliuliza.

"Kijitoni, kama mama mkwe alivyonifundisha. Maziwa hulala majini yasichache."

"Na jana usiku mvua ilinyesha," Lynette alisema.

Weldon mwenyewe aliuokota mfuniko wa mkebe huo, akaugeuza. Mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa umetafunwa na panya. Kijito kilipojaa, maji yalijipenyeza.

"Basi nimeapa bure," Milcah alinong'ona. "Maji yalikuwamo."

"Uliapa hukutia," Lynette alisema. "Na hukutia."

Weldon alifungua droo, akatoa mpira mpya, akauvalisha mfuniko taratibu. "Kesho uje, mama. Jina lako liko palepale. Unisamehe."

Milcah aliichukua mikebe yake miwili. Tone alilonyimwa paka lilikuwa limemvusha. Kweli, maji ya kifuu ni bahari ya chungu.