Ukoko wa Bi Sikudhani

Mniwie radhi mapema kabisa, maana hadithi hii nitaiharibu. Wapo watu wanaoisimulia vizuri, kwa mpangilio na sauti tamu, lakini hao wana kazi zao na leo hawakuja. Mmebaki na mimi. Nikisahau mahali, mtu asinikumbushe; nitabuni, na nitabuni vizuri kuliko ilivyokuwa.

Basi hapo Muheza palikuwa na watu watatu, kila mmoja na chake alichojaliwa.

Wa kwanza ni Namsifu, binti wa Kipare, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Huyu alijaliwa subira. Mwili uliogoma aliubembeleza kama mtu anayembembeleza mbuzi apande gari: hakumvuta pembe, hakumpiga, alisimama naye tu mpaka mbuzi mwenyewe akaona haya.

Wa pili ni Fundi Singano, mwashi. Huyu alijaliwa jicho. Akikutazama umesimama, ameshajua dirisha lako liwe wapi na kiti chako kiwe na kimo gani. Wagonjwa hawakupenda aje kuwaona. Alikuwa anawatazama kwa makini mno, toka kichwani mpaka miguuni.

Wa tatu ni Mwantumu, mwanamke wa maneno mengi, na ajabu ni kwamba alijaliwa sikio. Alisikia maumivu kabla hayajasemwa. Ukiweka kikombe mezani, yeye tayari kajua kama ni mgongo, jino au mume.

Na katikati ya hao watatu alikuwepo Bi Sikudhani, mke wa kaka yake Mwantumu, mpishi wa shughuli. Pilau lake lilisafirishwa mpaka Korogwe. Na alikuwa na desturi yake mwenyewe, hakuirithi kwa mtu: sufuria likishapakuliwa, aliubandua ukoko wa chini ukiwa mzima, mwekundu, umekauka vizuri, akauweka kwenye sinia na kumpa mtu mmoja tu mbele ya watu wote. Akisema, "Huyu ndiye aliyenipikisha leo." Ukoko wa Bi Sikudhani haukuvunjwa wala haukugawanywa. Watu wazima wenye wajukuu walikumbuka harusi ya fulani si kwa bibi harusi, bali kwa aliyepewa ukoko.

Siku moja anarudi kutoka shughulini, kakaa mbele kwenye pikapu, masufuria nyuma. Pikapu likalivaa lori lililoharibikia barabarani. Masufuria hayakubonyea hata moja. Bi Sikudhani naye akashuka kwa miguu yake, akahesabu vifuniko, watu wakamshukuru Mungu, wakaenda zao. Asubuhi yake akataka kugeuka amwitikie mumewe salamu, shingo ikakataa. Akajaribu kuinuka, mgongo ukasema na mimi nipo.

Akapigwa picha hospitalini. Picha haikuonyesha kitu. Tangu hapo watu wakaiamini picha kuliko mwenye shingo. Mwezi wa kwanza walimletea uji. Miezi ikapita, miaka ikaanza, maumivu yakawa yale yale na uji ukakatika. Ukimwita barabarani, ilimbidi ageuke mwili mzima kama kabati linalohamishwa, na wasiojua wakasema anaringa.

"Mbona mzima?" waliuliza.

"Mzima," aliwajibu. Angesema nini? Maumivu yasiyo na bandeji hayana mashahidi.

Akaacha kupika. Alipikia mabinti wa watu mji mzima, na sasa binti yake mwenyewe, Mwajabu, akachumbiwa. Bi Sikudhani akatamka neno moja sebuleni, mbele ya mumewe na wifi yake: "Pilau la Mwajabu nitapika mimi."

Mumewe akaangalia dari. Mashangazi wa bwana harusi, waliposikia, wakatuma salamu za upendo na taarifa ndogo: watakuja mapema siku ya shughuli, watakaa karibu na jiko, na watakuja na mpishi wao wa akiba, amevaa aproni yake kabisa, na mwiko mkononi. Mama Mwajabu akiyumba tu, mpishi wa akiba anashika sufuria. Kwa nia njema.

Hapo ndipo watatu wetu walipoingia kazini.

Namsifu akaja na mazoezi. Lala chali, magoti juu, pumua kwa tumbo. Simama, egemea ukuta, rudisha kidevu nyuma. "Kama mtu aliyenusa soksi, mama." Bi Sikudhani alimchukia. Alimchukia zaidi siku alizojisikia vizuri, maana siku hizo alitaka kufua, kupiga deki na kutwanga, na Namsifu alimkalisha kitako. "Siku nzuri ndiyo ya kuogopa," alimwambia. "Ukiitumia yote, kesho utailipa kitandani. Bakiza." Akamfundisha kusimama muda mfupi, kisha mrefu kidogo, na kujilaza kabla mwili haujamlaza wenyewe. Maumivu hayakuondoka. Ila yalijifunza kukaa pembeni kidogo akiwa na kazi.

Fundi Singano akaja na chokaa. Akamwambia Bi Sikudhani asimame, akachora mstari ukutani, akajenga jiko la matofali lenye kimo cha meza. Asubuhi lilimfaa sana. Alasiri akalijaribu tena, akawa analifikia kwa kusimama kwa vidole vya miguu! Fundi akashika kiuno. "Dada, nilikupima asubuhi. Kumbe mgongo unakupunguza kadiri siku inavyokwenda." Akalibomoa lote, akangoja alasiri, akapima upya. Mdomo wa sufuria ukaja sawasawa na kiwiko chake. Na kwa kuwa shingo haikutaka kuinama, akachukua kioo cha pembeni cha lori, akakifunga kwenye nondo juu ya jiko, kinazungushika huku na huku. Bi Sikudhani akawa anatazama mbele kama rubani, huku anaona vitunguu vinavyobadilika rangi chini.

Mwantumu hakuja na kitu. Alikuja na sikio lake, akakaa. Yeye ndiye aliyekuwa anajua wifi yake anasema "mzima" ya kweli au "mzima" ya wageni. Akisikia ya wageni, aliwatoa wageni. Hakuchagua maneno. "Jamani, kwenu hakuna vyombo vya kuosha?" Siku nyingi katika miaka ile, mtu pekee aliyeamini kwamba Bi Sikudhani anaumwa, mbali na Bi Sikudhani, alikuwa Mwantumu. Na kuna siku Bi Sikudhani mwenyewe alianza kuiamini picha, Mwantumu akamrudisha.

Siku ya shughuli ikafika. Mashangazi wakatandika mkeka mita chache kutoka jikoni, wakakaa na macho yao. Mpishi wa akiba kati yao, mwiko mapajani.

"Jiko lenu limepanda cheo," shangazi mkubwa akasema. "Na kioo juu! Sufuria linajipamba?"

"Linajitazama, mkwe," Bi Sikudhani akajibu bila kugeuka. "Likiona wageni wamependeza hivi, linaona aibu."

Wakacheka. Akakaanga vitunguu, akatia nyama, bizari, mdalasini, iliki. Akawa anamtukana mkata viazi kwa upendo, kama zamani: viazi gani hivi, umekata kwa meno? Mwantumu aliketi mlangoni, anasikiliza matusi hayo kama mtu anayesikiliza redio.

Mchele ukaingia. Maji yakaanza kuchemka. Na matusi yakakatika.

Mkata viazi akaangusha kiazi kizima ndani ya ndoo ya supu, na hakuna aliyemwambia kitu. Mwantumu akainuka. Akamtazama wifi yake: mkono umeshika ukingo wa jiko, jasho si la moto. Kidogo tu ataanguka, na mwiko mapajani mwa yule mwingine utasimama.

"Hereni yangu!" Mwantumu akapiga kelele. "Hereni yangu ya dhahabu! Wakwe zangu, simameni, imeingia chini ya mkeka, mahari ya marehemu mama yangu!"

Mwantumu hajawahi kumiliki dhahabu tangu azaliwe. Lakini mashangazi wakainuka wote, mkeka ukakunjwa, wakapiga magoti wakipapasa mchanga. Mpishi wa akiba alipapasa kwa bidii kuliko wote.

Nyuma ya jiko, Namsifu, aliyekuja kama mwalikwa na gauni lake zuri, akawa tayari kapiga magoti kwenye majivu. Akampokea Bi Sikudhani kabla hajaanguka, akamlaza chali kwenye gunia, magoti juu, mkono chini ya kisogo. "Pumua, mama. Usishindane na maumivu. Yaache yapite, sisi tupo kando ya njia tu."

"Wali wangu," Bi Sikudhani akanong'ona. "Maji yanakauka. Sioni."

Singano, aliyekuwa pembeni akichochea makaa, akaruka, akakizungusha kile kioo mpaka kikaangalia chini nyuma ya jiko. Bi Sikudhani, amelala chali kwenye majivu, akaona sufuria lake lote kwenye kioo cha lori.

"Mwiko. Geuza upande wa kulia. Polepole, hiyo si zege! Sasa funika. Palia makaa juu. Punguza ya chini. Acha hapo!"

Singano akafanya. Na mara akaanza kutukanwa tena, kwa sauti ya chini lakini tamu, na Mwantumu kule kwenye mkeka akasikia, akajua mambo yamekaa sawa.

Namsifu akamwinua kwa ile njia yao: ubavu kwanza, kisha mkono, kisha goti, bila kuvuta shingo. Bi Sikudhani akasimama, akajipangusa majivu, akashika mwiko.

"Nimeiona!" Mwantumu akasema, ameshika kifungo. "Kumbe ilikuwa mfukoni."

Shangazi mkubwa akakitazama kifungo, akamtazama yeye, akakaa.

Pilau likapakuliwa. Sitaeleza lilivyokuwa, maana nina njaa. Itoshe kusema mpishi wa akiba alirudia, na aproni yake ikapata madoa ya kula tu. Shangazi mkubwa alifika jikoni mwenyewe, akasema, "Mama Mwajabu, nilikuja na maneno yangu. Nimeyameza pamoja na nyama."

Halafu watu wakasogea jikoni. Sufuria limebaki tupu. Bi Sikudhani akapitisha upawa chini, taratibu, akaubandua ukoko ukiwa mzima, akauweka kwenye sinia, akasimama nao.

"Mpe Namsifu," mumewe akasema. "Bila yeye usingesimama hata kuchambua mchele."

"Asimame mbele ya jiko lipi?" mke wa Singano akadakia. "Angesimama mbele ya mafiga ya chini, ainame, akatike hapo hapo. Na wali ungeungua asiuone. Fundi kalibomoa jiko akalijenga mara mbili!"

"Na mimi?" Mwantumu akasema. "Mazoezi mazuri, jiko zuri, kioo kizuri. Mwiko ungekuwa mikononi mwa yule pale, na ninyi mngeangaliana kwenye kioo. Nimepapasa mchanga mbele ya wakwe kwa dhahabu nisiyo nayo. Nani mwingine hapa kajidhalilisha?"

"Dada Mwantumu, na gauni langu je?" Namsifu akasema, akaonyesha majivu, na yeye aliyejaliwa subira akaonekana imemwishia.

"Uvunjeni, mgawane," mtu wa nyuma akapendekeza. Wazee wakamgeukia kama aliyetukana.

"Ampe bibi harusi," mwingine akasema.

"Mwajabu alikuwa anasukwa," Bi Sikudhani akajibu. "Kanipikisha nini?"

Na hapo akabaki. Kulia kwake Namsifu, kushoto Singano, mbele Mwantumu. Mwenye shingo nzima angeweza kumtupia mmoja jicho la siri: subiri, nitakufidia. Yeye hana siri. Akimtazama mtu, anamgeukia mwili mzima, na wawili waliobaki wanauona mgongo wake.

Na kesho ipo. Kesho asubuhi atamhitaji Namsifu ili ainuke kitandani. Adhuhuri atalihitaji jiko, na jiko litahitaji kurekebishwa kadiri mgongo unavyozidi kumpunguza. Na mchana kutwa, watu waliomwona amesimama harusini watakaposema si mnaona, alikuwa anasingizia, atamhitaji mtu mmoja wa kumwamini. Akimpa mmoja sinia hilo mbele ya watu wote, wengine wawili hawatasema kitu. Watatabasamu tu, na watachelewa kuja.

Sinia ni zito. Kiuno kimeanza kuwaka. Bi Sikudhani anarudisha kidevu nyuma, anapumua kwa tumbo. Anajua akichelewa zaidi mgongo utaamua wenyewe, na sinia litakwenda chini, na ukoko utavunjika kwa mara ya kwanza.

Haya, wasikilizaji, msimwache mama wa watu amesimama. Namsifu aliyemsimamisha, Singano aliyempa macho, au Mwantumu aliyemsikia? Je, wewe ungempa nani?

Ila mkijadiliana, jadilianeni kwa adabu. Jana nilimuuliza mke wangu, akasema Mwantumu, wazi kabisa. Mimi nikamcheka, nikamwambia hajaelewa hadithi. Nimelala kwenye kochi. Leo shingo haigeuki, na sina hata lori la kulisingizia.