Kitabu Kisichoomba Chaji

Ndugu zangu, tumchukue mwalimu mmoja mstaafu. Tumkalishe barazani kwake, huko milimani kwenye migomba, saa kumi na moja jioni, ukungu unapanda kutoka bondeni, naye kavaa sweta mbili na kofia ya sufu. Mmemwona? Msimcheke bado. Kazi ya kucheka nitawapa mbele.

Mkewe kakaa karibu naye, ungo wa maharage mapajani. Anachambua: mazima huku, mabovu kule. Mama huyu shule hakwenda hata siku moja. Siku mwalimu alipomposa alimwambia, "Kwetu hatuna kitu, lakini kila jioni nitakusomea." Wapo humu kanisani waliowaahidi wake zao gari. Tusiwatazame, tuendelee. Mwalimu aliahidi kusoma, na miaka arobaini na moja alisoma. Alisoma mvua ikinyesha. Alisoma wakiwa wamenuniana, na siku hizo alisoma kwa sauti kubwa zaidi, ili ijulikane kwamba ahadi ni ahadi hata kama leo hakuna anayemsemesha mwenzake.

Vitabu vyake vilijaa kabati zima, na kila kimoja alikivika jalada la karatasi ya kaki, kama daftari za shule muhula ukifunguliwa. Vyote rangi moja! Mtu mwingine angepotea humo. Yeye alikijua kila kimoja kwa mahali kilipolala.

Sasa sogeeni niwape siri yake. Ng'ombe alimwona. Mgomba aliuona. Mkewe alimwona vizuri tu. Herufi ndizo zilizomkimbia. Akifungua kitabu, ukurasa mzima ni kama uji uliomwagika. Miwani alibadilisha mara mbili, kimyakimya, kama mtu anayekwenda kwa mganga na hataki jirani ajue. Haikusaidia. Lakini afanyeje? Mkewe yuko pale na ungo wake, anasubiri. Basi mwalimu anafungua kitabu, anakohoa kidogo, anageuza ukurasa kila baada ya muda, na anasoma yaliyomo kichwani mwake.

Hadithi yenyewe ilikuwa ndefu, ya mjane aliyetoka kwao kumtafuta mwanawe aliyepotea. Nusu yake aliikumbuka, maana aliwahi kuisoma zamani. Kumbukumbu ilipokwisha, akaanza kutunga. Mjane akavuka mito mitatu. Akapigana na chui. Akafungua mgahawa. Kuna bwana mmoja alikufa Jumanne, akazikwa kwa heshima zote, na Alhamisi akaonekana sokoni ananunua vitunguu. Mama alinyanyua uso kidogo kutoka kwenye ungo, akasema, "Eeh," akarudi kwenye maharage yake.

Mwalimu akamshukuru Mungu kwa kumpa mke asiyeuliza maswali.

Jumamosi moja akaja binti yao, Sekela, kutoka mjini. Akaamkia, akanywa chai, kisha akafungua mkoba.

"Baba, nimekuletea kitu." Akatoa kishikwambi cha kusomea vitabu, chembamba kama kipande cha mkate. "Humu kuna vitabu mia tatu. Hata ile hadithi ya mjane imo. Na ukiona herufi ni ndogo, unatanua vidole hivi, zinanenepa."

Zinanenepa! Moyo wa mwalimu uliruka. Hilo ndilo alilokuwa akiliota mwaka mzima. Akataka kunyoosha mkono. Halafu akamwona mkewe amemkazia macho, na mkono ukarudi wenyewe mfukoni. Maana akikipokea, swali la kwanza litakuwa: kwani herufi za kawaida zina nini? Na la pili: tangu lini? Na akijibu la pili, kila jioni ya mwaka mzima itageuka kuwa uongo.

Basi akasimama. Na mwalimu akisimama, mnajua, kinachofuata ni hotuba.

"Sekela mwanangu, kitabu kina harufu yake. Hicho kinanukia nini?"

"Kinanukia upya, baba."

"Kitabu kinashikika! Kinarithiwa! Kitabu hakiombi chaji! Umeme wenyewe huku tunauona kama tunavyomwona mbunge."

"Ukikichaji mara moja, baba, unasoma wiki tatu."

"Mimi nina miaka sabini na miwili, nimeshachajiwa lini?"

Mngekuwepo, si mngepiga makofi? Hotuba tamu hiyo. Mzee anatetea karatasi, anatetea urithi, anatetea mababu. Hata mimi ningesimama nikapunga kitambaa. Nani angejua kwamba ndani ya zile sweta mbili kuna mtu anatetemeka?

Mama ndiye aliyeyamaliza. "Basi yaishe. Sekela, kesho ondoka nacho. Mwalimu, tusomee, mwanao naye asikie." Akanyanyuka, akaenda kabatini, akaleta kitabu, akakiweka mikononi mwa mumewe.

Mwalimu akakohoa, akafungua. Sekela akaja kusimama nyuma ya kiti. Na siku hiyo mwalimu alisoma, jamani! Alisoma kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"'Mjane akagonga mlango. Kijana akafungua. Akamtazama yule mama mwenye vumbi miguuni, akasema: Sura yako naifahamu, ila jina la kukuita limenipotea. Mjane akajibu: Ni jina fupi mwanangu. Ulilitamka kabla meno hayajaota.'"

Mwalimu akasikia pumzi ya Sekela ikikatika nyuma yake, kisha miguu ikikimbilia jikoni.

"Umemwona?" akamwambia mkewe, kifua mbele. "Analia! Hicho kidubwasha chake kingemliza hivyo?"

Mama akaweka ungo chini.

"Mwalimu."

"Naam."

"Hicho ulichoshika ni kitabu cha magonjwa ya kuku."

Mwalimu akakigeuza kitabu, akalipapasa jalada la kaki.

"Tangu tuvune mahindi nakupa hicho," mama akasema, polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba.

"Wewe umejuaje? Kusoma hujui!"

"Kusoma sijui. Kuku namjua. Ukurasa uliokuwa ukiusoma sasa hivi una picha ya kuku kainamisha kichwa, anaharisha."

Haya, chekeni sasa. Chekeni, nimewaruhusu. Lakini mkimaliza mtazameni mwalimu. Ameinama juu ya ule ukurasa, anakitazama kivuli kimoja cheusi ambacho siku zote alidhani ni aya ya tatu.

"Mbona hukuniambia?" akauliza, na sauti ile ya darasani haikuwepo tena.

"Ningekuambia, ungekifunga. Mimi ningebaki na maharage. Siku ya kwanza nilikupa hicho ili nipate hakika tu. Nikaipata. Kesho yake nikataka nikurudishie kile chenyewe, nikaona cha nini? Hadithi imefika patamu."

"Hata yule marehemu wa Jumanne?"

"Nilifurahi amepona."

Mwalimu akataka kucheka, kikatoka kitu kingine. "Nilikuahidi, Mama Sekela. Sikuwa na kingine cha kukupa. Nikasema, siku akijua sisomi tena, mimi hapa barazani nitakuwa wa kazi gani?"

Mama akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na vumbi la maharage.

"Mwaka mzima nakutazama unatoka jasho na baridi yote hii," akasema. "Nimechoka kukutazama ukihangaika peke yako. Huyu Sekela unadhani nani alimwagiza hicho kitu?" Halafu akapaza sauti, "Sekela! Hebu acha kucheka huko jikoni, kilete!"

Kikaletwa. Mwalimu akatanua vidole, herufi zikanenepa. Akatanua tena, zikanenepa mpaka mstari mmoja ukawa na maneno matatu tu. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, kama mtoto wa darasa la kwanza, akasoma. Akajikwaa. Akarudia. Na machozi yalipozifuta herufi, mkewe akampa ncha ya kanga yake, akapangusa, akaendelea. Ikaja kugundulika kwamba mjane wa kweli hakuvuka mto hata mmoja. Alipanda basi, akashuka stendi, mwanawe akampokea.

"Huyu mwandishi naye mvivu," mama akasema. "Haya, endelea."

Na kwa kuwa neno lilikuwa limeshatoka kinywani, juma lililofuata Sekela alimpeleka baba yake kupimwa macho. Mwaka mzima hakuna aliyeweza kumpeleka. Utampelekaje hospitali mtu anayesema haumwi?

Ndugu zangu, sikuja kuwauzia vishikwambi, wala sijawaambia mkachome vitabu. Vile vya kaki bado vimo kabatini, na mama anavifuta vumbi kila Ijumaa. Karatasi ni njema, na kioo chenye mwanga ni chema, na mnaotaka kubishana juu ya hilo mna uwanja mzima hapo nje baada ya ibada. Mimi nauliza jambo moja: mwalimu alikuwa anapigana na nini siku ile? Na kishikwambi? Hata kidogo! Alikuwa anapigana na neno moja dogo, "sioni," lisije likamtoka mbele ya mtu anayempenda.

Na sisi je? Huyu anasema hospitali haendi, babu zake hawakwenda. Baba, unawasingizia mababu, wewe unaogopa majibu. Yule hataki kukaa na vijana, eti hawana adabu, kumbe anaogopa wataongea jambo asilolijua. Mwingine amegoma kuombewa, anasema imani ni siri ya mtu, na nyumbani analia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa ili watoto wasisikie. Tunaivika hofu koti na tai, tunaiita msimamo. Tena tunaihutubia! Na watu wanatupigia makofi, nasi tunarudi nyumbani na makofi yetu, gizani vilevile.

Kisha tunakuja hapa mbele za Mungu tunafanya yaleyale. Tunasimama na sauti nzuri, tunageuza kurasa kwa wakati, tunadhani hajui tumeshika nini. Anajua. Alijua siku ya kwanza. Hakutucheka, wala hakuondoka. Amekaa karibu, anatusikiliza, maana alichokuwa akikitaka tangu mwanzo si usomaji wetu. Ni sisi. Lakini msaada aliokwisha kuuagiza umelala mkobani, na sisi ndio tunaomwambia aondoke nao kesho.

Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, kabla sufuria haijatoka jikoni, mtafute mtu wako mmoja. Usimpe hotuba. Mwambie lile dogo ulilolificha: sioni vizuri. Naogopa. Nimechoka. Ukishalisema nyamaza, umwache asogeze kiti.