Nani Kachinja?

Wapendwa, wekeni vitabu chini kidogo. Na wewe mama pale nyuma, usitoke na huyo mtoto, mwache alie, leo sauti yangu itamshinda. Nawapeleka harusini. Ila nawaonya mapema: ni harusi ambayo nusura watu walale njaa.

Kulikuwa na mji mdogo wa wakulima wa pamba. Wakristo na Waislamu waliishi humo ukuta kwa ukuta, wakiazimana chumvi na kugombania kuku waliopotea. Na mji ule ulikuwa na desturi ambayo hata sisi hapa tunaijua. Ukiwa na shughuli, iwe harusi, iwe msiba, iwe kipaimara cha mtoto, ng'ombe wako humchinji mwenyewe. Unamwita jirani Mwislamu aje achinje, ili kila atakayefika ale kwa amani. Desturi ilikuwa ya siku nyingi mno, hata watu walishaacha kufikiria sababu yake. Ng'ombe akishafungwa kamba, mchinjaji anaitwa, basi.

Sasa mzee mmoja wa kanisa alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Mnawajua wazee wa kanisa wakioza! Alitembea kifua mbele, anasalimia mpaka watu asiowajua. Wiki ileile akaja mjini mhubiri mgeni, na vipaza sauti vikubwa kama makabati, akavisimamisha kwenye uwanja wa soko.

Siku ya kwanza alihubiri vizuri, nisimwonee. Alisema njia ya wokovu ni moja, na wasioifuata wamepotea. Mchinjaji wa mji alikuwa kwenye kibanda chake cha nyama, ng'ambo ya uwanja, anasikia kila neno. Mkewe akamwuliza, "Baba watoto, unamsikia lakini huyo?"

"Namsikia. Kasema yake, na Ijumaa sisi tutasema yetu. Hebu nipe chai."

Kwaya, mnacheka nini? Si ndivyo ilivyo? Yule mhubiri alikuwa na haki ya kusema anachoamini, na mchinjaji alikuwa na haki ya kutokubali na kunywa chai yake.

Lakini siku ya pili mhubiri akaona watu wamekuwa wengi, kichwa kikavimba. Akaacha kumhubiri Mungu, akaanza kuwahubiri majirani. "Wale watu ni uchafu!" akasema. "Msinunue kwao! Msiitikie salamu zao! Mnangoja nini? Watoeni sokoni, watoeni mjini!" Watu wakashangilia. Na aliyepiga makofi kuliko wote, mbele kabisa, ni nani? Mzee wetu wa kanisa. Alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu.

Asubuhi kibanda cha mchinjaji kilikutwa chini. Vijana walikuwa wamevunja nguzo na kulitupa gogo lake la kukatia nyama mtaroni. Mzee alipita pale, akaona, akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akaendelea na safari yake. Jioni yake mji mzima ulijua kwamba mchinjaji amekodi lori, anahama na familia yake Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo ndiyo ya harusi. Na yule mhubiri? Alishapakia makabati yake, kaenda zake.

Mzee akasema, "Safari hii tunachinja wenyewe. Hatuhitaji mkono wa wale watu." Haya! Kumbe katika kanisa zima hakuna mwanamume aliyewahi kuchinja hata mbuzi wa shughuli. Kazi akapewa mwalimu wa kwaya, kwa vile ana mikono mirefu. Wapendwa, msinichekeshe nikashindwa kumaliza. Ng'ombe alimtazama mwalimu wa kwaya, akaona mtu anayetetemeka, akakata kamba. Akapita kwenye turubai la harusi, akaondoka na mapambo shingoni, kina mama wakaruka juu ya meza. Mpaka aje akamatwe na kuchinjwa, suti ya mzee ilikuwa na matope hadi kwenye tai. Lakini nyama ilipatikana, na pilau ikaiva.

Mchana bibi harusi akaketishwa, na wageni wakanawa mikono. Katika mji ule hakuna anayekula mpaka bibi mzaa baba amlishe bibi harusi tonge la kwanza. Ndiyo baraka yake, na bila hiyo sinia haziguswi. Bibi mwenyewe, mama mzazi wa yule mzee wa kanisa, alikuwa ameshuka kwenye gari asubuhi ileile kutoka kijijini, hajui lolote la mkutano. Akaviringa tonge. Binti akafungua mdomo. Kina mama wakavuta pumzi tayari kwa vigelegele. Bibi akasimamisha mkono, akauliza kama wanavyouliza wazee wote kwenye shughuli:

"Nani kachinja?"

Mzee akajibu kwa fahari, "Sisi wenyewe, mama! Leo hakuna mkono wa wale watu humu."

Bibi akalirudisha tonge kwenye sinia, taratibu.

"Wale watu gani, mwanangu?"

Na hapo, wapendwa, mzee wa kanisa akamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Maana mama yake alikuwa na ushungi kichwani, na tasbihi kwenye mkoba, na alikuwa ameswali adhuhuri chumbani kwa mjukuu wake muda mfupi tu uliopita. Yeye mwenyewe mzee alizaliwa nyumba ya Kiislamu, akabatizwa ukubwani. Miaka yote mama yake akija kumtembelea alikula nyumbani kwake bila shida, kwa kuwa kila nyama iliyoingia ilipita mikononi mwa mchinjaji. Kwa mzee, wale watu walikuwa watu wengine huko. Mama alikuwa mama tu. Alipokuwa anapiga makofi uwanjani hakumkumbuka hata kidogo!

Binti akaanza kulia, wanja ukaanza kumchuruzika. Shangazi mmoja akamnong'oneza bibi habari zote: mkutano, makofi, kibanda, lori. Bibi akamgeukia mwanawe.

"Siku unabatizwa, shati lako nani alilipiga pasi?"

"Wewe, mama."

"Nilikubali dini yako?"

"Hapana, mama."

"Sikuikubali, na leo nakwambia tena umekosea, na kesho nitakwambia. Na wewe uniambie hivyohivyo, tutabishana mpaka nife. Lakini kuna siku nimewahi kuwaambia watu wakutoe nyumbani?"

Mzee akasukuma kiti nyuma. Alikimbia. Ndiyo, na tumbo lake, na suti ya matope, katikati ya mji, mpaka kwa mchinjaji. Lori lilikuwa mlangoni. Vitanda vilishapanda, mke anakunja mikeka, watoto wamekalia masanduku wanalia. Mzee akamvuta mchinjaji nyuma ya mlango, akamwambia kwa sauti ya chini, "Jirani, nisamehe. Njoo basi utuchinjie, harusi yangu inaharibika."

Mchinjaji akauliza:

"Unataka nichinje, au unataka nikae?"

Swali gumu hilo! Mzee akashusha pumzi. "Nataka ukae. Hata kama leo hatuli."

"Makofi ulinipigia hadharani, mzee mwenzangu. Radhi unaniomba nyuma ya mlango?"

Wapendwa, mzee alimshika mkono, wakatembea wote wawili mpaka kwenye turubai. Akanyakua kipaza sauti cha mshereheshaji, akasema mbele ya wakwe, mbele ya vijana waliovunja kibanda, "Huyu ni jirani yangu. Nilishangilia afukuzwe, nikakosea, naona aibu kubwa. Anayetaka aondoke mjini aanze na mimi, na mama yangu huyu hapa." Alilia mtu mzima yule, bila kitambaa.

Vijana wakatazamana. Mmoja akainuka, akaenda mtaroni, akarudi na lile gogo begani likimchuruzikia maji machafu kwenye shati la harusi. Wenzake wakaenda kutafuta nguzo. Basi pakalipuka vigelegele ambavyo mji ule haujapata kuvisikia! Wakwe wakatoa mbuzi wao wawili, mchinjaji akavua kanzu akabaki na fulana, akafanya kazi yake. Vitanda vikashushwa kwenye lori. Dereva naye akashuka, akauliza sahani ziko wapi. Pilau mpya ilichelewa kuiva, nani alijali? Bibi akamlisha mjukuu wake tonge, akaanza kucheza yeye wa kwanza, na mwalimu wa kwaya akampokea.

Sasa turudi kwetu. Sisi.

Mataifa ya dunia yameweka mkataba wa haki za watu. Ndani yake wameandika kwamba kila mtu yuko huru kuchagua dini, kuishika na kuifundisha, bila kulazimishwa na yeyote. Na ndani ya mkataba huohuo wameandika kwamba kuchochea chuki ya kidini mpaka watu wabaguane, wafanyiane uhasama au waumizane, kupigwe marufuku na sheria. Hawakuandika kwamba dini isipingwe. Yule mama alimpinga mwanawe waziwazi na hakumvunjia haki yoyote. Tofauti mmeiona wenyewe: mpinge mtu uendelee kula naye, hiyo ni imani. Ukiwaambia watu wamtoe, ujue kuna kibanda kitaanguka usiku.

Mwezi ujao tuna mkutano wetu wa injili, na vipaza sauti nimeshakodi. Nitamhubiri Yesu mpaka koti lilowe jasho, na sitaona haya kwa mtu. Lakini siku nikianza kuwaita majirani zetu uchafu, aliye karibu na waya auchomoe. Nasema kweli. Hata kama ninayeongea ni mimi mchungaji wenu, chomoa, halafu twende nyumbani.

Na wako kati yetu waliopiga makofi jirani akitukanwa. Uwanjani, kwenye kikundi cha simu, kwenye kijiwe cha kahawa. Siwataji, mnajijua. Ibada ikiisha msije kunishika mkono mimi pale mlangoni, leo sina haja na mikono yenu. Piteni, vukeni barabara, mkampe mkono yule mliyemshangilia akifukuzwa. Na mkifika msinong'one.