Kwa Nini Anayemlisha Mtoto Hupanua Kinywa Chake

Enzi hizo jogoo alikuwa bado anakosea saa za kuwika, mlima ulikuwa mrefu kuliko ulivyo sasa kwa sababu haujakanyagwa vya kutosha, na mtu akimlisha mtoto mchanga alifumba midomo yake kama mlango wa ghala. Hilo la tatu ndilo la kushika. Hayo mawili anayetaka kubisha na abishe, ila asidai mashahidi, maana wote wamekwisha kufa.

Kufumba midomo hakukuwa maringo, ilikuwa sheria. Katika kijiji cha Mkereza, kilichong'ang'ania ubavu wa mlima kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, watu waliamini kwamba mlishaji akipanua kinywa mbele ya mtoto amemlia bahati yake. Kwa hiyo siku mtoto alipotokeza meno mawili ya chini, bibi mzaa baba alimtwaa, akaingia naye chumba cha ndani, akafunga mlango. Siku saba. Mama mtu alibaki nje, maziwa yakimlowesha kifua, hana ruhusa hata ya kukohoa karibu na ukuta. Huko ndani bibi alikaa na chungu cha uji, akakunja kiganja kama jani lililokinga mvua, akakiweka chini ya mdomo wa mtoto, kisha akambana pua. Mtoto akitafuta pumzi, uji ukapita. Hivyo ndivyo watu wa Mkereza walivyoachishwa ziwa, na ndiyo maana wazee wao wa zamani wote walikuwa na pua bapa.

Tena ule haukuwa uji hivi hivi. Kila ukoo ulikuwa na uji wake, na kila uji ulikuwa na siri yake. Siri hiyo mama mkwe alimnong'oneza mke wa mwanawe siku ya kukata roho, wala si siku moja kabla.

Sasa, Nakijwa hakuwa mtu wa Mkereza. Aliolewa akitoka upande wa pili wa mlima, ambako mtoto akishaweza kukaa bila kuegemezwa huwekwa kando ya chano cha chakula pamoja na wakubwa. Anapewa ndizi iliyopondwa au kipande cha kiazi laini mkononi, akila sawa, akijipaka usoni sawa, kesho atakumbuka mdomo ulipo. Mama mkwe wake, Bibi Nanzia, alipohadithiwa habari hizo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kwenu mnalea vifaranga," alisema. "Mwaga chini, adonoe."

Nakijwa aliinamia kazi yake, kwa sababu alikuwa mgeni na tumbo lilikuwa kubwa. Lakini mwanawe Sangiwa alipozaliwa, akanenepa kwa maziwa, akatokeza yale meno mawili, na Bibi Nanzia akaja kumchukua huku akisema, "Mume wangu huyu, leo anaanza kula cha mkewe," Nakijwa alihisi kitu kama mchwa kikimtembea mgongoni.

Siku ya kwanza alisikia kilio, akasema moyoni, ni kawaida. Siku ya pili kilio kilikuwa kikubwa zaidi. Siku ya tatu kilikuwa kidogo, na hicho ndicho kilichomtisha. Akaanza kuchungulia kwenye mwanya ambapo udongo ulikuwa umebanduka kwenye fito.

Akaona mambo mawili. La kwanza, ushanga wa kiunoni mwa Sangiwa. Ushanga ule ulikuwa ukizama nyamani, hata kidole hakipiti. Sasa ulikuwa ukizunguka wenyewe kila mtoto alipogeuzwa. La pili lilikuwa baya zaidi. Bibi Nanzia hakuonja ule uji.

Asiyemjua Bibi Nanzia ataona ni jambo dogo. Huyu alikuwa mwanamke wa kuonja kila kilichopita mbele ya pua yake. Alionja mboga ya jirani ikiwa bado jikoni, alionja pombe ya matanga kabla ya wafiwa, aliwahi kuonja dawa ya mbuzi akasema imepungua chumvi. Lakini chungu kile alikikoroga, akakimimina, akakifunika, wala ulimi wake haukusogea. Alipodondokewa na tone la uji mkononi, alilipangusa kwenye nguo. Nakijwa aliliona tone lile, akaiona ile nguo, na usingizi ukamwacha.

Akamwendea mumewe, Mbazi, aliyekuwa akichonga mpini wa jembe uani. Mbazi alikuwa mtu wa amani, yaani mwoga.

"Mama yako anampa nini mwanangu?"

"Uji wa ukoo."

"Una nini ndani?"

"Nitajuaje? Mimi ni mwanamume. Hata mimi niliunywa, na unaniona nimesimama."

"Umekaa," alisema Nakijwa.

Mbazi alijitazama, akaona kweli amekaa, akaendelea kuchonga. "Mama ni mama, na mke ni mke," alisema baadaye.

"Hilo hata mbuzi analijua. Mimi nakuuliza habari ya mtoto."

Mpini ule ghafla ukawa na kazi nyingi.

Na msidhani Bibi Nanzia alikuwa amestarehe huko ndani. Naye alikuwa na lake. Katika miaka yake yote hakuwahi kuona mtoto aliyekaza meno mawili kwa nguvu kama huyu. Ukimbana pua, uji unaingia. Ukiachia, unarudi wote, tena na faida. Akasema hapa si bure, huyu mtoto anashiba kwingine. Yule mke wa upande wa pili anaingia humu ninaposinzia na kumpa ziwa. Akaanza kumnusa mtoto mdomoni kila asubuhi. Akamwaga majivu mlangoni ili aone nyayo. Kesho yake akakuta nyayo za kuku, akamshuku kuku siku nzima.

Siku ya tano, jua likiwa utosini, kilio hakikusikika kabisa. Nakijwa alichuma ndizi mbivu, akaiponda, akaifunga kwenye jani, akafunga na kanga yake ya kubebea mtoto kiunoni. Alikuwa amekata shauri. Kama atakuta kitu kwenye uji, atamchukua mwanawe na kuvuka mlima, na Mkereza haitamwona tena, yeye wala mtoto. Akausukuma mlango, akakanyaga majivu bila kuyatazama.

Bibi Nanzia alikuwa ameketi juu ya ngozi, Sangiwa mapajani, chungu ubavuni. Midomo ya bibi ilikuwa imefumbwa. Ya mtoto pia. Walitazamana hivyo kama watu wawili wanaogombea mpaka wa shamba.

"Nilijua," alisema bibi. "Unamnyonyesha kwa siri."

"Onja," alisema Nakijwa.

"Nini?"

"Uji, mama. Wewe unaonja hata dawa ya mbuzi."

Bibi alitazama chungu, kisha akalitazama jani. "Na hiyo?"

"Ndizi."

"Ndizi na nini?"

"Ndizi na ndizi."

"Basi anza wewe."

"Wewe ndiwe mkubwa, mama. Kwetu wakubwa hutangulia."

"Na kwetu wageni hutangulia."

Wangekaa hapo mpaka mvua za vuli, kama Nakijwa asingemshika mtoto mkono na kuuona ulivyokonda. Akaanza kuifungua kanga kiunoni. Bibi alielewa maana ya kanga ile mara moja. Alichovya vidole viwili kwenye chungu, akavitia mdomoni. Nakijwa naye akatia tonge la ndizi mdomoni mwake.

Hapo ndipo shida ilipoanza upya. Kutia mdomoni si kumeza. Kila mtu anajua kwamba mwenye nia mbaya anaweza kuweka kitu shavuni toka asubuhi hadi jioni na bado akasalimia watu. Nakijwa alilitazama shavu la bibi, bibi akalitazama la Nakijwa. Mashavu yote mawili yalikuwa yamevimba kidogo. Hakuna aliyekuwa tayari kumeza kwanza, na kila mmoja aliona katika kuchelewa kwa mwenzake ushahidi wote alioutaka.

Nakijwa ndiye aliyemeza. Koo lilipanda likashuka. Bibi akafanya vilevile.

"Haitoshi," alisema Nakijwa. "Panua kinywa nione."

Bibi Nanzia alitikisa kichwa. Bahati ya mtoto ilikuwa hapo mapajani pake, na yeye hakuwahi kuvunja sheria ile tangu aitwe bibi. Lakini Nakijwa alikwisha kuitandaza kanga sakafuni na kunyoosha mikono. Bibi akapima, bahati kwa upande huu, mjukuu kwa upande ule. Mtu anaweza kuishi bila bahati, Mbazi alikuwa mfano. Akainua uso, akapanua kinywa.

Alipanua kweli. Palikuwa na meno matatu, ulimi, na giza. Nakijwa aliinama kukagua huku na huku, juu na chini ya ulimi.

"Wewe sasa," alisema bibi, na Nakijwa naye akapanua, maana haki ni haki. Wakabaki hivyo, vinywa wazi, pua karibu zigusane, kila mmoja akichungulia koo la mwenzake kama anayetafuta pete kisimani.

Chini yao, Sangiwa alikuwa ameacha kuwatazama nyuso. Alitazama kinywa cha bibi. Akatazama cha mama. Kwa siku tano alikuwa ameona midomo iliyofumbwa tu, naye alikuwa amefumba wake, kwa sababu mtoto si mjinga: kitu ambacho mkubwa hathubutu kukifungulia mdomo, yeye akifungulie kwa nini? Sasa aliona vinywa viwili wazi, vimekwisha kula, na wenye navyo wazima. Taratibu sana, kama mtu anayejaribu mlango asiojua kama umekomewa, Sangiwa naye akapanua chake.

Bibi Nanzia alikuwa mzee lakini mkono wake haukuwa mzee. Kidole chenye uji kilikuwa kimeingia na kutoka kabla Nakijwa hajafumba. Mtoto akamung'unya. Akameza. Uji haukurudi.

Nakijwa hakukubali kushindwa nyumbani kwa watu. Akachukua ndizi kidogo. Mtoto akafumba. Akamtazama mama, akasubiri. Nakijwa akapanua kinywa chake, "aaa", na mtoto akapanua, ndizi ikaingia. Bibi naye tena, aaa, uji. Mama, aaa, ndizi. Kila walipomsogezea kidole wakiwa wamefumba, alifumba. Walitumia saa nzima wakipanua na kupanua mpaka taya ziliwauma, mtoto akiwa katikati kama jumbe anayepokea salamu.

Aliposhiba, uji ulikuwa umemtiririka kidevuni. Nakijwa aliupangusa kwa kidole na kukilamba bila kufikiri, kama mama yeyote. Akasimama hapo na kidole mdomoni.

"Mama," alisema. "Huu ni ulezi na maji."

Bibi Nanzia alitazama mlango.

"Hamna kitu kingine, mama. Ulezi na maji."

Kisha bibi akasema kwa sauti ndogo, ambayo Nakijwa hakuwahi kuisikia kwake, "Siku mama mkwe wangu alipokuwa anakufa, alinivuta sikio mpaka mdomoni pake. Nilingoja jina la mti, au la mzizi. Akaniambia, 'Hamna kitu humo. Funga mlango.' Akafa."

"Na ndiyo maana huonji."

"Nionje nini? Nisikie kwa ulimi wangu kwamba miaka yote hii nimebana watoto pua kwa ajili ya ulezi?" Alifunika chungu. "Ukilitoa neno hili nje, ukoo wetu utachekwa mpaka na wachunga punda."

Nakijwa alimtazama sana. Alikuwa amekuja akitafuta sumu, akakuta aibu ya mtu mzima. Lakini ushanga wa mwanawe ulikuwa bado unazunguka.

"Nitanyamaza," alisema. "Ila mlango ubaki wazi, pua isiguswe, na ndizi yangu ikae ubavuni mwa chungu chako."

"Na wewe utaonja mbele yangu kila siku."

"Na wewe mbele yangu. Na utapanua."

Msidhani walipendana baada ya hapo. Walikaguana makoo miaka mingi. Lakini mlango ulibaki wazi, na wanawake wa Mkereza, waliopita kwa kisingizio cha kuomba moto, waliwaona mkwe na mama mkwe wakipanuliana vinywa, na wakamwona mtoto akila bila kubanwa pua. Walingoja bahati yake iharibike. Mwezi ukapita, mwingine ukapita, na ushanga ukazama tena nyamani. Ndipo wake wote wa kijiji wakaanza kuwaambia mama wakwe zao maneno mawili: onja, panua. Kumbe kila mmoja wao alikuwa na tone lake aliloliona likipanguswa kwenye nguo. Habari ikavuka mlima, ikashuka mabondeni, ikavuka mito ambayo Nakijwa hakuwahi kuisikia.

Na tangu siku hiyo, yeyote amlishaye mtoto huonja kwanza, kisha hupanua kinywa chake mwenyewe, na wengi hawajui kama wanapanua. Mchunguze mzee mkali kuliko wote unaowajua, yule ambaye hata harusini hatoi jino. Mpe mjukuu na bakuli la uji, usimwambie kitu, kaa pembeni umtazame mdomo. Utapanuka. Na mtoto akikutumbulia macho kabla hajapokea kijiko, usimwone mkaidi. Anangoja kuona kama umemeza.